Jina la Kanruk

Upande mmoja wa jiwe ulikwisha. Hapo mfalme alisifiwa kwa lugha ya miungu, na Sran mchongaji hakuelewa hata neno moja. Alifuata tu mistari ya chokaa iliyochorwa na mwandishi. Upande wa pili ulikuwa kwa Kikhmer, lugha yao wenyewe: mashamba, ng'ombe, na watu arobaini waliotolewa kwa mungu wa hekalu lile.

Pandan, mpishi wa wachongaji, alimwekea chungu cha wali na samaki wa chumvi.

"Umefika wapi?"

"Kwa Kanruk."

"Kanruk amekufa. Homa."

"Najua. Mimi nachonga, siziki."

Mtoto wa Pandan, mwenye miaka minne, alikuwa ameshachongwa mstari wa juu. Bwana aliyewamiliki aliwatoa mtoto na Kanruk wawe katika sadaka ya mfalme, akambakiza Pandan. Asubuhi Pandan angepelekwa mtoni, kwenye mashua za chumvi, na mashua hizo hazirudishi watu.

"Weka jina langu hapo, kaka Sran."

"Nikatwe mkono kwa ajili ya wali wako? Tena wenyewe umeungua."

Mwandishi alikuja kukagua. Pandan akapiga magoti, akamwomba jina lake liwekwe badala ya la Kanruk.

"Haliondolewi," mwandishi alisema. "Jina lilisomwa mbele ya moto mtakatifu. Mungu anamtaka Kanruk."

"Basi mimi ni Kanruk."

Mwandishi alilitazama jiwe. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia mfalme kwamba sadaka yake ilianza kufa kabla jiwe halijasimama.

"Hutaitwa Pandan tena. Hata na mwanao."

"Mwanangu ananiita mama."

Mwandishi akamgeukia Sran. "Chonga kama ilivyoandikwa."

Asubuhi jiwe lilisimamishwa mlangoni. Msimamizi wa yule bwana alikuja na kamba mkononi.

"Pandan, twende."

Mwanamke aliendelea kupepeta mchele wa mungu.

"Wee Pandan, masikio yako yamekufa?"

"Huyo ni Kanruk," mwandishi alisema. "Bwana wako ndiye aliyemtoa."

"Maiti ya Kanruk niliichoma mimi mwenyewe, kule nyuma ya bwawa."

"Basi kamwambie mfalme. Kisha soma mwisho wa jiwe, anayemnyang'anya mungu mtu wake anaenda wapi."

Msimamizi hakujua kusoma, ila moto wa jehanamu thelathini na mbili kila mtu aliujua. Alimtazama mwanamke, akalitazama jiwe, akaikunja kamba yake.

"Bwana atauliza Pandan yuko wapi."

"Mwambie homa," alisema mwanamke, bila kuacha kupepeta.