Joka la Evaline

Evaline alifungua laptop yake kwenye kibanda cha gemu, stendi ya Kasulu. Basi la Kibondo lilikuwa limeshawashwa.

"Weka hiyo modi yako, mshairi Ndihokubwayo. Joka likiongea Kiingereza tena naifuta, na Kibondo hawataisikia."

Modi yangu ilikuwa faili dogo la kulibadilisha joka la gemu yake: badala ya Kiingereza, lighani beti zangu kwa sauti yangu. Kwenye orodha ya modi zake niliiweka juu kabisa, mahali panaponistahili.

Joka likatua kwenye skrini, likafungua kinywa. Kiingereza.

"Ndiyo hilo?" Evaline akacheka. Kondakta akamwita.

"Subiri, dada!" Nikarudi kwenye orodha. Chini ya modi yangu niliona nyingine ya sauti ya Kiingereza, aliyoipakua Evaline mwenyewe. "Gemu inasoma kuanzia juu. Ya chini ndiyo inafunika zote."

"Basi ishushe."

"Beti zangu ziwe za mwisho?"

"Ndihokubwayo, basi linaniacha!"

Nikaishusha, meno nimeyauma. Joka likarudi, likanguruma ubeti wangu wa kwanza, na kibanda kizima kikageukia skrini. Evaline akafunga laptop, akaikumbatia, akakimbilia basi.