Nyavu za Baba Mkwe

Baba mkwe alikuwa na kichwa kigumu, na msomi mwenye kichwa kigumu ni balaa mara mbili. Tangu ujana wake alitega nyavu za ndege palepale, kwenye miti mikubwa ya chini ya mlima, na kwa misimu kadhaa sasa zilikuwa hazinasi kitu ila majani. Mkazamwana wake, aliyefanya naye kazi katika kituo cha utafiti wa ndege, alikuwa amemchoka hadi kooni.

Walichokuwa wakikitafuta ni ndege mdogo mwenye nyusi za manjano. Zamani, dunia ilipokuwa baridi, mababu zake walienea mlima hadi mlima. Joto lilipozidi, mabonde yakawa hayapitiki, kila mlima ukabaki na ndege wake, na huyu akaota nyusi ambazo mwingine hana. Mkazamwana aliapa kwamba ndege huyo hatatangazwa kuwa amekwisha kwa sababu ya ubishi wa mzee mmoja.

"Baba, joto limepanda, na ndege naye amepanda," alisema, akikunja nyavu kwenye meza ya jikoni. "Tutege kileleni."

"Nyavu hazihami. Ukizihamisha, utalinganisha nini na nini?"

"Sasa tunalinganisha patupu na patupu."

"Wewe umeolewa na mwanangu, hukuolewa na mlima wangu."

Mumewe, aliyekuwa anaingia na chai, aligeuka na chai yake.

Asubuhi mkazamwana alimwamkia mzee shikamoo kwa meno, akabeba wavu mmoja bila kuaga, akapanda. Kileleni, kwenye vichaka vifupi vilivyolowa ukungu, ndege alinasa kabla jua halijawa kali. Alimpiga picha, akamwachia, akacheka peke yake. Halafu, ili amkomeshe mzee, hakurudi kituoni. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa afisa misitu.

"Kwa hiyo yuko juu?" afisa aliuliza.

"Juu kabisa."

"Na chini hayupo?"

"Chini kuna joto, hawezi kuishi."

Afisa alitabasamu. "Mzee wako kila mwaka anatuambia bado anamtafuta kule chini, nasi tumekatazwa kugusa mti mpaka amalize. Leo umetufungua." Akainua simu, akawaita wenye misumeno, mkazamwana akiwa bado amesimama mbele yake.

"Subiri. Miti ya chini ndiyo inayoleta ukungu wa juu. Mkiikata, na kule juu patakauka."

"Dada, umesema mwenyewe hayupo."

Alimkuta baba mkwe jikoni, akishona wavu uliochanika. Alimweleza yote. Mzee hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Ulijua yuko juu?" mkazamwana aliuliza.

"Nilijua kabla hujaolewa."

"Mbona hukuniambia, baba?" Sasa alikuwa na hasira kweli, hasira ya mtu aliyefanywa mjinga ndani ya nyumba yake.

"Ungeweza kumkazia macho yule afisa kila mwaka, ukamwambia bado unatafuta kule chini?"

Asingeweza. Wote wawili walilijua hilo.

"Mimi niliweza," mzee alisema, akakata uzi kwa meno. "Toka jikoni kwangu."