Mshenga wa Oudenaarde

Mwanamke hawi mshenga, ndivyo walivyoniambia. Nikawauliza imeandikwa wapi. Kisha nikajifunga kitenge changu cha maua makubwa, nikapanda treni ya bluu mpaka mwisho wa reli, Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, Sweden, kwenda kumposea mtoto wa watu mke.

Naitwa Getrude. Ni Mtanzania, msusi, na saluni yangu iko Skärholmen, upande wa pili wa jiji, jirani na duka la baiskeli anakofanya kazi Anton. Huyo Anton ni Mbelgiji wa upande wa Flanders, kijana mrefu, ana masikio yanayoiva akiona haya. Anampenda Adrienne, nesi, mtoto wa Kikongo aliyezaliwa hapa hapa Stockholm, ambaye nimemsuka tangu yuko chekechea. Baba yake Adrienne alishafariki, hivyo neno la mwisho liko kwa baba yake mkubwa, Mzee Byamungu, mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Na Mzee alishalitoa neno hilo nje ya kanisa, mbele ya watu wote: "Mubelgiji? Katika nyumba ya mudogo wangu? Jamais! Hata siku moja!"

Siku ile Adrienne alikuja kukaa kwenye kiti changu, macho yamevimba.

"Shangazi, nitaolewa naye hata wakikataa," aliniambia. "Mimi ni mtu mzima, siombi ruhusa. Lakini sitaki kuolewa kama mtoto wa kuokotwa. Nataka watu wangu wawe nyuma yangu."

Nilipandwa na hasira nusura nimchome sikio na pasi ya nywele. Mtoto hajaomba gari wala nyumba. Ameomba watu wake tu!

Katika ukoo wao kuna utaratibu. Wa upande wa mwanamume wanakuja, wanakaa, na mshenga wao anaeleza kwao kijana: wanakunywa maji ya mto gani, babu zao walifanya kazi gani, walipatwa na nini. Kijana mwenyewe hafungui mdomo. Binti anakaa chumba cha ndani mpaka aitwe. Pasipo mtu wa kueleza kwao kijana, hakuna posa. Sasa Anton angekuja na nani? Mama yake hayupo duniani. Baba yake alipopigiwa simu alikataa kuja, tena kwa maneno ambayo Anton hakutaka kuyarudia. Shangazi yake mmoja tu, anayekaa Antwerp, ndiye aliyetuma boksi la zawadi kwa posta na salamu za heri.

"Basi kwenu ni mimi," nilimwambia Anton. Nikamchukua na jirani yangu Kimani, Mkenya dereva wa basi, anibebee sinia la zawadi na kuitikia pale ninapopumua.

Wiki kadhaa nilisomeshwa. Kila Anton alipopata nafasi aliingia saluni na simu yake, ananionyesha picha za mji wao, Oudenaarde, nami nasuka huku nakariri. Wateja wangu wote waliujua mji ule kabla ya Mzee Byamungu kuusikia. Alma, anayekuja kuweka rasta, alinisahihisha tarehe mara mbili, mshenzi yule.

Ikafika Jumamosi. Nyumba ya Mama Adrienne ilijaa wazee na harufu ya sombe, kisamvu cha Kikongo. Mzee Byamungu amekaa katikati, suti ya kijivu, fimbo mapajani ingawa miguu yake ni mizima kabisa. Aliponiona nimesimama mimi na siyo Kimani, akacheka puani.

"Mushenga ni mama?"

"Ni mimi, Mzee. Kama kuna mwanamume hapa anaijua Oudenaarde kunizidi, asimame."

Hakusimama mtu. Nikaanza.

Niliwaambia kwao Anton wanakaa kwenye mto Scheldt, mto mtulivu unaokatiza Flanders kwenda baharini. Niliwaambia juu ya jumba lao la manispaa, limejengwa karibu miaka mia tano sasa, mawe yamechongwa mpaka ukitazama unadhani ni kitambaa cha lesi, na juu kabisa ya mnara amesimama mwanajeshi mdogo wa rangi ya dhahabu ameshika bendera, anaitwa Hanske. Niliwaambia hadithi wanayosimulia wenyeji: mfalme mkuu Karoli alikuja siku moja, huyo Hanske, enzi zake akiwa mlinzi, amelala fofofo, malango yamefungwa, mfalme anasubiri nje kama mchuuzi. Kwa hasira akaamuru mji uweke miwani kwenye nembo yake, labda utaona vizuri. Wazee wakacheka. Mama mmoja akapiga kofi pajani.

"Na huyo huyo mfalme," nikaendelea, maana nilijua akina mama watalipenda hili, "alizaa na msichana wa mji ule, binti wa mfuma mazulia. Mtoto wao wa kike alikuja kuwa gavana wa nchi nzima."

"Wacha!" akasema Mama Adrienne.

"Haki ya Mungu! Margareta jina lake."

"Kweli kabisa," akaitikia Kimani, ambaye hakuwa na habari yoyote.

Nikawapeleka kwenye mazulia yenyewe, yale ya kutundika ukutani, yamefumwa misitu mizima ya majani ya kijani, wafalme wa Ulaya waliyagombea. Nikawavusha mto mpaka kanisa la zamani la Pamele. Nikawapa bia yao nyeusi na mbio zao za baiskeli, zinazopanda vilima vya mawe mpaka wanaume wazima wanalia. Nilikuwa nimenoga, nasema kweli. Hata Mzee alikuwa ameegemea mbele, fimbo ameisahau.

"Inaonekana ni batu ya kazi," alisema. "Haya, tuone sinia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Desturi ni kwamba mshenga hafungui zawadi ya upande wa kijana. Inafungwa kwenye kitambaa kama ilivyokuja, inafunguliwa na wenye binti. Nami kwa kujifanya najua desturi kuliko wenyewe, nilikuwa nimelifunga boksi la shangazi yake Anton kwa kanga mpya bila kuchungulia ndani. Mama Adrienne akafungua kanga, akafungua boksi. Akamgeuzia Mzee.

Yalikuwa mabiskuti. Mazuri, ya siagi, na lozi juu yake. Kila biskuti ni kiganja cha mkono kilichokatwa.

"Mikono," alisema Mzee Byamungu.

Anton aliiva masikio mpaka shingoni. Mimi nilijua maana yake, maana aliwahi kunisimulia: Antwerp, mji ulio kando ya mto ule ule, wana hadithi ya jitu lililokuwa likiwakata mikono mabaharia, ndiyo maana wanaoka biskuti za namna hiyo. Kwao ni zawadi ya heshima. Lakini nieleze jitu gani mbele ya Wakongo? Chumba kile kila mtu alijua picha za watu waliokatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mpira, enzi za Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Wengine walisikia habari zake kwa bibi zao.

Mzee alisimama. "Banatuchekelea. Banakuja kwetu na mikono kwenye boksi! Tumemaliza hapa."

"Kaa chini, Mzee. Sijamaliza."

Ilinitoka. Mtu fulani nyuma alisema "Yesu!" Mwanamke, tena mgeni, amwambie mzee wa ukoo akae chini kwenye nyumba ya mdogo wake! Kimani alianza kutafuta koti lake. Lakini mimi nilikuwa nimechemka, na nikichemka sipoi haraka.

"Nimekupa mji wao ulivyo kwenye picha," nilisema. "Sasa nakupa uliobaki, kwa sababu mimi si mshenga wa kupaka rangi. Yale mazulia ya wafalme yalifumwa na watu maskini na watoto, kwenye vijiji, macho yakiwauma. Na pale Oudenaarde kuna kiwanja kinaitwa Tacambaro, kina sanamu ya mwanamke wa jiwe. Unajua ni ya nini? Zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita vijana wa Kibelgiji walikusanyika mji ule, wakavushwa bahari kwenda Mexico, kwenye nchi ya watu, kumlinda mfalme ambaye Wameksiko walipelekewa kutoka Ulaya. Mke wa huyo mfalme alikuwa dada yake Leopold. Ndiyo, yule yule. Vijana wakafa kule, mahali panapoitwa Tacambaro, Oudenaarde ikawawekea jiwe. Wameksiko hawakuwekewa hata kokoto. Huo ndio mji, Mzee. Mzuri, na una hayo. Biskuti hizi ni upumbavu, na upumbavu ni wangu nusu, kwa kutofungua. Zitupeni. Lakini usiniambie nimekuja kukucheka."

Mzee hakukaa, ila hakuondoka pia.

"Baba yake iko wapi?" aliuliza. "Umesema mawe, umesema mufalme. Baba ya kijana hujasema."

Kabla sijameza mate, Kimani akadakia: "Anaumwa miguu, Mzee. Vibaya sana."

"Hapana."

Alikuwa Anton. Kijana asiyetakiwa kufungua mdomo amesimama, na Kiswahili chake alichofundishwa na Adrienne kinatoka neno kwa neno.

"Baba yangu si mgonjwa. Baba yangu alisema hawezi kukaa chini mbele ya watu weusi kuomba mke. Mimi nimeona aibu kusema. Mimi nimekuja."

Akakaa. Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja, maana nilijua ameua posa yake mwenyewe. Wazee walianza kunong'onezana, na Mzee Byamungu akanyoosha mkono kuchukua kofia yake.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Adrienne akatoka, hajaitwa, amevaa gauni la kitenge alilokuwa amelificha kwa siku hii.

"Nani amekuita?" akasema mama yake.

"Hakuna. Mama, tafadhali." Akaenda akasimama mbele ya baba yake mkubwa, karibu kabisa. "Ya baba yake nilikuwa nayajua. Aliniambia siku ile ile, huku analia. Sikutaka kuyaleta hapa. Lakini yamekuja, basi nisikilize, Baba mkubwa. Kule Oudenaarde kuna mzee mmoja amesema hapana kwa sababu ya rangi yangu. Hapa Hjulsta kuna mzee mmoja anasema hapana kwa sababu ya nchi yake. Hamjawahi kuonana, na mmekubaliana. Mkikutana mtaelewana vizuri sana, wewe na yeye."

Nakuambia, hata mimi nilishika kifua.

"Mimi?" Sauti ya Mzee ilipasuka. "Mimi nifanane na ule mutu? Bale bazungu yake balitukata! Mimi nilimukata nani?"

"Hujamkata mtu. Ila leo unaondoka, kama yeye alivyokataa kuja." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, lakini hakuyafuta wala hakuinama. "Mimi nimeshachagua. Kitu ninachoomba ni watu wangu wanisindikize. Ukikataa nitakwenda, ila nitajua nilikwenda peke yangu."

Mzee Byamungu aliketi. Hakuketi kwa hasira, aliketi kama mtu aliyechoka. Akamtazama Anton, mara ya kwanza tangu tuingie, siyo suti yake wala masikio yake, yeye mwenyewe.

"Wewe. Baba yako anakaa upande gani ya ule muto?"

Anton alinitazama mimi. Nikamwambia, jibu.

"Upande wa kanisa. Pamele. Nyumba iko kwenye mto."

"Dirisha yake inaangalia maji?"

"Ndiyo."

"Alors, basi." Mzee aliipiga fimbo sakafuni mara moja. "Mimi sitatoa baraka Hjulsta. Hapana! Nitaenda kuitoa kule kwao. Tutakodi mabasi. Kimani, wewe ni shofa, utaendesha. Tutashuka pale kwenye muto, batu yote ya Bukavu iliyoko Sweden, na ngoma yetu, na huyu mutoto mbele. Nitasema majina ya babu zangu yote kwa sauti, moja moja, chini ya ile dirisha. Alikataa kuja kwetu? Sisi tutaenda kwake. Na huyu mama," akaninyooshea fimbo, "ndiye atasema, kwa sababu anasema vibaya na haogopi."

Vigelegele vilianzia jikoni. Adrienne alimwangukia baba yake mkubwa shingoni, na mzee wa watu akawa anampigapiga mgongoni huku akimkemea aache kulia. Anton hakuwa ameelewa yote. Nilimtafsiria, akaficha uso kwenye viganja vyake.

Ni Mama Adrienne peke yake aliyebaki na wasiwasi.

"Na akifunga dirisha, shemeji?"

"Aifunge," alisema Mzee Byamungu. "Atatusikia hivyo hivyo."