Nusu ya Kiti

Oduor, mpiga picha wa Kaloleni, alijisifu mapema, na majuto ni mjukuu. Lenzi ya kamera ya filamu aliyoachiwa na marehemu babake, Mzee Ooko, iliingia kwenye kamera yake mpya ya dijitali, ka! ikakaa. Kamera yenyewe ilikataa kuitambua, lakini hilo lilikuwa dogo. Mwanga angeukadiria kwa macho, lenzi angeizungusha kwa mkono. Basi akampigia simu Mama Rachael wa kule kijijini Pap Onditi, akamwambia aje.

Mama Rachael alikuwa na haja moja tu. Lenzi hiyo ndiyo iliyowapiga picha ya harusi yeye na mumewe, humu humu studioni, wamekaa kwenye viti viwili ambavyo bado vipo. Mumewe walimzika Aprili. Sasa alitaka picha ile ile, kiti cha mume kikiwa wazi, azitundike ukutani pamoja.

Oduor akasimama juu ya alama nyekundu ambayo babake aliichora sakafuni. Akachungulia. Lo! Mama yumo, kiti cha mume kimekatwa katikati. Akarudi hatua moja, mgongo ukagonga ukuta. Akapiga hivyo hivyo, akitumaini Mama hataona.

Mama aliitazama sana, kisha akauliza kwa upole, "Nusu yake nyingine iko wapi, Oduor?"

Oduor alitamani ardhi ipasuke immeze. Akailaumu alama, nusura amlaumu na marehemu. Ndipo akili ikamrudia. Lenzi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Kipande kinachopokea picha ndani ya dijitali yake ni kidogo kuliko filamu, kwa hiyo yaliyo pembeni yote huachwa nje. Dawa ilikuwa kurudi nyuma zaidi, na nyuma kulikuwa na ukuta.

Na dirisha, pana na la chini. Akalipanda, mtu mzima na kitambi chake, akatua uani kwa jirani yake Agneta aliyekuwa akikaanga omena. Agneta alicheka hadi akashika mbavu, lakini jiko akalisogeza. Oduor akarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, akachungulia kupitia dirishani. Mama yumo. Kiti kimo, miguu yote minne. Akapiga, moyo umemtulia tuli.

Alipoonyeshwa, Mama Rachael alikigusa kile kiti kitupu kwa kidole, akatabasamu.

"Baba yako alitupiga akiwa karibu," akasema. "Wewe umekwenda mbali, lakini mume wangu umemwona."