Mwanangu wa Kipaimara, Miaka Sitini na Saba

Mie nina mtoto wa kipaimara mwenye miaka sitini na saba. Cheka tu, Maramba nzima imeshacheka. Mzee Rafaeli alikwepa mafundisho tangu enzi za fimbo za makatekista, akazeekea benchi la nyuma bila komunyo wala kipaimara. Mwaka huu ilipotangazwa kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara, akajiandikisha. Alipoulizwa msimamizi wake nani, akanitaja mie, Praxeda fundi cherehani, ninayemshonea suruali na kumgombeza akichelewa kuja kuzichukua.

Katekista Daniel alishangaa, wazee wenzake wakanuna. Mzee akawajibu kwamba wao wote wanamsalimia na kumpita, mie peke yangu ndiye ninayemwambia ukweli usoni. Kichwa kikanivimba, mjinga mie, nikakubali.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka, nikakaa kitako. Siku ya kipaimara msimamizi anapokea komunyo pamoja na mtoto wake, mbele ya askofu na kanisa zima. Na mie nina miaka mitatu sijaungama wala kupokea, tangu tugombanie kitanda cha marehemu mama na dada yangu Imakulata wa Pangani. Kitanda nilikichukua mie, na maneno niliyomwambia siku ile siwezi kuyarudia hapa. Hakuna aliyejua. Mie mwanakwaya, bwana! Watu wakienda komunyo kwaya inaimba, nami najificha nyuma ya kitabu cha nyimbo na kuipaza sauti ya kwanza hata padre hunisifu.

Miezi miwili nikamfundisha, na mtoto mwenyewe mtundu. Ukimwuliza mapaji saba ya Roho Mtakatifu, anataja matano kisha anaomba maji ya kunywa. Namgombeza, anacheka, kesho yake anarudi na mihogo. Siku moja akataka kujua ilikuwaje Petro akasamehewa upesi vile, na alishamkana Bwana mara tatu. Swali likanichoma. Nikamwambia aache udadisi, arudi kwenye mapaji.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya maungamo. Nilimleta mwenyewe, nimemshika mkono asije akanitoroka. Zamu yake ilipokaribia, akagoma. Akaniambia nitangulie. Nikasema mie nitakwenda siku nyingine, leo ni yake. Akanivuta pembeni tukaketi.

"Kila Jumapili tunabaki wawili, Praxeda," akasema taratibu. "Mie benchini, weye nyuma ya kitabu. Nimechoka kubaki. Lakini niliona si vizuri niinuke nikuache peke yako."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama, nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Miaka mitatu nadhani nimejificha, kumbe kuna mtu ananiona kila wiki na hajafungua mdomo. Nikamweleza yote, kitanda na maneno. Hakunihubiria. Aliuliza tu kama simu yangu ina salio.

Nikatoka nje nikampigia dada. Imakulata alipopokea nilianza kwa kugomba, ndivyo nilivyoumbwa, kwamba kitanda kinaliwa na mchwa huku kwangu, aje akichukue. Kisha nikaacha kugomba, nikamwomba radhi, nikamwambia nimemkumbuka mno. Akaniuliza kama nimeshakula.

Niliporudi ndani mzee alikuwa bado ameketi palepale. Watu wote walishampita, foleni imekwisha, naye hajaingia. Nikampita nikaenda kupiga magoti kwa padre niungame, nikamsikia anainuka nyuma yangu.