Moto Usio na Kazi

Mama yangu alikuwa akiitikia salamu kwa mafungu mawili. Mtu akimwambia shikamoo, anaanza "mara", kikohozi kinamkatiza, anashika kifua, na "haba" inakuja baadaye kabisa, mwenye kusalimia ameshaanza kutazama pembeni. Watoto wa majirani waliizoea salamu hiyo, wakawa wanasimama kuisubiri. Mimi sikuizoea hata kidogo.

Daktari wa Kilosa hakuwa na maneno mengi. Alisema ni moshi, ule wa miaka yote aliyoinama juu ya mafiga katika jiko la udongo lisilo na dirisha. Akitoka humo, kifua kitapata nafuu. Asipotoka, tusitegemee dawa. Kaka yangu Yared, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Ruhembe, alikata shauri tukiwa bado kwenye benchi la hospitali.

"Baridi ya Julai haitamkuta tena kule milimani Lumuma," alisema. "Nakuja kumchukua. Kule kwetu joto lipo, hana haja ya kuota moto."

Mama aligeuza uso kutazama upande wa milima. Mimi ninayeishi naye nilijua anachowaza. Milimani ndiko kuna shamba lake, kanisa lake na kaburi la baba, na kule chini angekaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu matrekta ya watu.

"Nipe mpaka Julai," nilimwambia Yared. "Nitamjengea meko ndani ya nyumba, moshi usimguse."

"Naomi, mama hatoki katika jiko lile."

"Atatoka."

Mimi ni fundi uashi, na neno nikishalisema silirudishi mfukoni. Nyumba ya matofali nilikuwa nimeshamjengea, ila mama aliitumia kupokea wageni tu, maana ni baridi kama kisima. Meko ya ukutani nilikuwa nimeshajenga moja, katika hoteli fulani Mikumi. Mwenye hoteli aliitaka kwa ajili ya picha; joto la Mikumi lilivyo, hakuna aliyewahi kuiwasha. Hii ya mama ingewashwa kila siku ya Mungu.

Nilichora sakafuni kwa mkaa, nikafuta, nikachora tena. Mdomo wa meko niliufanya mpana ili aweze kukaa karibu na kigoda chake. Juu ya mdomo nilibana koo, njia nyembamba ya kuvuta moshi, kisha nikapandisha dohani, bomba la matofali la kutolea moshi, mpaka likapita paa. Ndani niliweka chuma cha kuinjikia chungu. Siku ya kuwasha, moshi ulipanda moja kwa moja bila kuchungulia chumbani. Nilijipongeza mwenyewe kwa sauti.

Mama alikaa mbele ya moto, akanyoosha mikono, akasema umependeza. Jua lilipoanza kushuka alichukua kigoda chake akarudi jikoni kwake.

Ikawa hivyo siku zote. Anakuja, anasifia, anaondoka. Nilipomuuliza kasoro iko wapi, alijibu, "Moto wako mzuri, mwanangu. Lakini hauna kazi."

"Unapikia, unaota. Kazi gani nyingine?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaondoka nacho. Hapo hasira zilinipanda, ulimi ukajikwaa. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia, "Basi nenda Ruhembe ukaote jua la kwenye miwa." Alinijibu kwa Kisagara, jambo analolifanya akichukizwa, na sitalitafsiri hapa.

Mahindi yalipokauka nilitoka shambani na mzigo wa kwanza, nikasikia kikohozi jikoni, kirefu, kisichopumzika. Niliingia. Mama alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya moshi, akifunga mahindi ya mbegu kwa maganda yake kwenye miti ya dari.

"Shuka, mama."

"Nikishuka, nani atayapandisha?"

Nilimshika kiuno nikamshusha kwa nguvu. Alipopata pumzi alinyoosha kidole juu. "Mbegu hii nilipewa na mama mkwe siku nilipoingia mji huu. Ikikosa moshi, mdudu dumuzi anaimaliza kabla ya mvua. Dohani yako inapeleka moshi wote mbinguni. Kwani malaika wanapanda mahindi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unajenga. Hukuuliza."

Niliona aibu, tena aibu yenye hasira. Mwezi mzima nilikuwa nimepima upana wa kigoda chake na urefu wa mikono yake, nikasahau kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chake tangu sijazaliwa. Nilikwenda kuchukua nyundo.

Nilibomoa ubavu wa dohani yangu nzuri. Kupanua bomba lenyewe nisingeweza, moshi ungepoa na kurudi chumbani. Kwa hiyo nilijenga kabati la matofali ubavuni mwake, lenye tundu chini la kuingiza moshi na tundu juu la kuurudisha, na ndani nikapitisha fito za kufungia mbegu. Mlango wa bati niliuweka upande wa chumbani. Mama alipoufungua, moshi ulimvaa usoni, tukakimbilia uani wote wawili.

"Sasa moto una kazi," alisema akifuta machozi, "ila kazi mbaya."

Nikabomoa tena. Mlango nikauhamishia ukuta wa nje, kimo cha kifua chake, asihitaji ngazi, na tundu la chini nikalitilia kibati cha kuliziba kabla ya kufungua. Mama alipanga mbegu zake humo mwenyewe, hindi kwa hindi. Kisha aliingia katika jiko la udongo, akatoka na makaa mekundu kwenye kigae, akayabeba hadi ndani ya nyumba. Kigoda alikuwa ameshanipa mimi nimchukulie.

Yared alikuja katikati ya Julai na gari la kukodi, ukungu ukiwa bado haujainuka. Aliingia akiwa na blanketi mkononi, akamkuta mama mbele ya moto anakoroga uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Yared alikuwa ameshainama, mkono tayari kumshika mgongo wakati wa kikohozi. Akabaki ameinama hivyo hivyo, anasubiri. Mama alimtazama kwa mshangao, akamsukuma kidogo apite, akatoka nje. Tulisikia bati linafunguliwa upande wa pili wa ukuta. Alirudi na mahindi mawili meusi kwa masizi, akamwekea juu ya blanketi.

"Mpelekee mkeo," alisema. "Mwambie mimi sina nafasi ya kuja, nina mbegu motoni."