Rota Kwenye Kopo la Iliki

Mzee Mizani alipostaafu, alikaa sebuleni siku tatu kwa adabu kama mgeni. Siku ya nne aliingia jikoni.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masokoni na mawe yake ya kupimia, akimuumbua muuza nyama aliyelitoboa jiwe la kilo, akimkumbusha muuza sukari kwamba gramu ni gramu. Jina lake alilipata huko. Sasa masoko yamekwisha, na mtu aliyezoea kukagua akikosa mwizi sokoni humtafuta nyumbani. Alimuuliza mkewe kwa nini sufuria ndogo imekaa kwenye jiko kubwa. Akafungua friji, akahesabu nyanya. Akapima chumvi ya mchuzi, akasema imezidi gramu mbili, kisha akasimama palepale kusubiri maelezo.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Bi Mwiko, kwa sababu hakuna aliyewahi kuushika mwiko wake akabaki na raha. Alivumilia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili alimshika mumewe mkono, akampeleka uani kwenye banda la mabati, akavuta turubai.

"Mzee," akamwambia, "na huyu hajakaguliwa tangu lini?"

Chini ya turubai alikuwepo Kobe. Ni gari la zamani, rangi ya chai iliyozidi maziwa, paa limebinuka kama gamba. Mzee alilinunua ujanani, akamzungusha nalo Bi Mwiko enzi hizo bado hana mwiko, mpaka siku moja likazimika na likasusa. Tangu hapo kuku walitagia kiti cha nyuma, mama, binti na mjukuu, na hakuna aliyewadai kodi.

Mzee alizama mzimamzima. Kila alichokifungua alikisafisha, akakipima kwenye mizani yake ndogo ya sahani mbili, akakitia ndani ya bahasha yenye jina na uzito. Na hakuruka hatua. Alianzia kwenye tangi la mafuta, akafuata bomba, akaja pampu, akaja kabureta, na mwisho wa yote ndipo akafika kwenye mambo ya umeme. Fundi wa kawaida gari likigoma huangalia plagi, halafu hulipiga teke, halafu huomba chai. Mzee alikwenda kwa utaratibu, na utaratibu wake ulichukua miezi mitano. Jikoni amani ikarudi. Bi Mwiko akawa anatia chumvi kwa kiganja, tena anaimba.

Mwezi wa tano ukiishia, Mzee alitangaza kwamba kesho yake Kobe ataunguruma. Jioni hiyo, akifunga vitu vya mwisho, alimpa mkewe rota na kumwambia, "Nishikie hii." Rota ni kidude cheusi, kidogo kama kizibo cha chupa, kinachozunguka ndani ya distributa na kugawa moto kwenye plagi. Kisipokuwepo, hata ulisukume gari mpaka ahera haliwaki. Bi Mwiko alikipokea, mara akasikia harufu ya maziwa yaliyofurika jikoni, akakitumbukiza mfukoni mwa aproni na kukimbia. Mzee naye, akili yote iko kwenye kesho, akafunika distributa akidhani ameshakiweka. Hata mkaguzi ana siku yake ya kukaguliwa.

Kesho yake ufunguo ulizungushwa mpaka betri ikachoka. Mzee hakutukana. Alishuka, akaenda nyuma kwenye tangi la mafuta, akaanza upya.

Bi Mwiko aliikuta rota wiki iliyofuata alipokuwa anafua. Akaitazama. Akatazama bandani, miguu ya mumewe imechomoza chini ya gari, imetulia kama ya mtoto aliyeshiba. Hapo akaelewa kwamba Mungu akitaka kumjibu mwanamke humjibia kwenye nguo chafu. Akaitia rota ndani ya kopo la iliki.

Mzee alipokaribia distributa, Bi Mwiko alisubiri aingie bafuni, akairudisha. Mzee akaikuta mahali pake, akaipima, akaandika. Siku ya kuwasha ilipofika, rota ikarudi kwenye iliki. Wenzake walipanga uzazi. Yeye alipanga gari. Ikapita hivyo miaka sita.

Shida ilikuja kwa simu. Mjukuu wao wa kike, fundi wa magari mwenye gereji yake, kucha fupi na mdomo mrefu, alipiga kusema Jumamosi anakuja. Kwa utani alizoea kumwita babu yake mume wangu, na bibi yake mke mwenza, na siku hiyo alisema wazi kwamba amechoka kuona mume wake analala chini ya gari ilhali wake zake wapo wawili. Atalitengeneza yeye, kwa saa moja.

Mzee alikata simu, akamgeukia mkewe.

"Basi kazi imekwisha, Mama. Kuanzia Jumapili nitakuwa nakusaidia jikoni."

Akaichukua mizani yake ya sahani mbili, akaiweka kando ya jiko, sawasawa na kopo la chumvi.

Bi Mwiko hakulala vizuri wiki hiyo. Akiirudisha rota, gari litawaka na jiko limekwenda. Akiiacha, mjukuu ataona. Aliiacha. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye aliomba tu yule binti awe amerithi utaratibu wa babu yake.

Hakurithi. Jumamosi alikuja na ovaroli, babu akampa spana ya tangi, yeye akaicheka. Akafungua boneti, akabandua kifuniko cha distributa, akachungulia.

"Mume wangu," akasema, "gari lako halina rota. Lilikuwa linategemea nini, maombi?"

Bi Mwiko alisema huenda ni kuku. Mjukuu akamkumbusha kwamba kuku wa mwisho wa nyumba hiyo alichinjwa yeye akiwa darasa la saba.

Mzee Mizani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kaangalie kwenye kopo la iliki," akasema.

Bi Mwiko alitamani Kobe ammeze. Mzee, bila haraka, akaeleza kwamba mara ya pili alipoipima ile rota ilizidi nusu gramu. Kipuri hakinenepi. Akainusa. Miaka yote ile alinusa alichopaka muuza nyama chini ya sahani ya mizani, iliki ingempitaje?

"Na ukanyamaza?" mkewe akauliza.

"Uliniondoa jikoni kwa heshima, Mama. Nikaona niondoke kwa heshima." Akakunja kitambaa. "Halafu mle jikoni kuna joto."

"Na mizani uliyoniwekea karibu na jiko?"

"Miaka sita si mchezo. Nilitaka uhangaike wiki moja."

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini fundi ni fundi. Aliifuata rota mwenyewe, akaipuliza, akaiweka. Kobe alikohoa, akachemua, manyoya ya kuku yakaruka kutoka kiti cha nyuma, akawaka. Wakauzunguka mtaa mara mbili. Bi Mwiko alikaa mbele kama bi harusi, shingo juu, huku moyoni anaiaga chumvi yake.

Waliporudi bandani, Mzee alizima gari. Alibaki ameshika usukani, na mkewe akabaki anangoja neno "jikoni" litoke. Mzee akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mmeusikia huo mlio?"

Mjukuu alisema hakuna mlio wowote, injini imetulia kama maji mtungini, na yuko tayari kuapa.

"Mimi nimeusikia," akasema Bi Mwiko. "Unatokea nyuma. Upande wa tangi."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama hakimu aliyepata shahidi. Akashuka, akafungua boneti, akainama kidogo. Aliponyanyuka alimnyooshea mkewe kiganja, mbele ya macho ya mjukuu wao.

"Nishikie hii," akasema.

Bi Mwiko akaipokea, akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda jikoni kumletea mizani yake.